Sisimizi Aliyembadilishia Simba Windo

Upepo ukivuma kwenye mbuga za migunga za Laikipia, Kenya, miti hupiga mluzi. Sauti hiyo hutoka kwenye miiba. Baadhi ya miiba imevimba chini ikawa vinundu vyenye uwazi ndani, na sisimizi wamevitoboa vijitundu vya kuingilia. Upepo ukipita hapo, kinundu hulia kama filimbi.

Mgunga huu huota kwenye udongo mweusi, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, na kwenye udongo huo karibu kila mti unaouona ni wa aina hiyo. Huwapa sisimizi nyumba, yaani vile vinundu, na chakula, yaani majimaji matamu yanayotoka kwenye tezi ndogo karibu na majani. Nao huulinda. Tikisa tawi kidogo tu: kabla hujarudisha mkono, wameshamiminika kutoka kila kinundu, wanauma. Hata tembo, anayeweza kuung'oa mti huo bila jasho, hawavumilii. Ngozi yake ni nene, lakini ndani ya mkonga ni laini, na humo ndimo sisimizi wanamoingia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa tembo hula matawi ya mgunga vizuri tu yakiwa hayana sisimizi, na huyakwepa yakiwa nao.

Shuleni tuliambiwa huku ni kutegemeana, tukaishia hapo, kana kwamba mapatano hayo hayavunjiki. Huvunjika. Mwaka 1995 watafiti walizungushia uzio wa umeme viwanja kadhaa huko Laikipia ili tembo, twiga na walaji wengine wakubwa wasiingie. Ungetarajia miti inawiri. Baada ya miaka 10, miti ya ndani ya uzio ilikuwa imepunguza vinundu na majimaji matamu, maana hapakuwa tena na mlaji wa kuifanya igharimie ulinzi. Walinzi wakapungua, na nafasi yao wakaichukua sisimizi wa aina nyingine, wanaoishi kwenye matundu yaliyochimbwa na bungua, yaani wadudu wanaoutoboa mti. Hao hawana sababu ya kuwafukuza bungua, kwa kuwa ndio wanaowajengea nyumba. Mwisho wake, miti iliyokingwa ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa na tembo. Kila ninapoulizwa kwa nini tusimwondoe tu mnyama msumbufu, hiki ndicho kisa ninachokisimulia.

Kisha akaingia mgeni: sisimizi mwenye kichwa kikubwa, aliyeenea nchi nyingi za joto kwa kubebwa na shughuli za binadamu. Mgeni huyu huwaua sisimizi walinzi, akala mayai na watoto wao, na mti wenyewe haulindi. Palipovamiwa, tembo walianza kuvunja migunga mara 5 hadi 7 zaidi ya kwingine. Kichaka kikawa uwanja mweupe.

Simba huwinda kwa kunyatia, naye hawezi kunyatia pasipo na pa kujificha. Punda milia, aliyekuwa windo lake kuu, sasa humwona angali mbali. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 kwenye jarida la Science ulitoa hesabu hii: mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika eneo hilo, kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati walipanda kutoka sifuri hadi asilimia 42. Idadi ya simba haikushuka, ila sasa wanamkabili mnyama mwenye pembe zinazoua, ambaye simba mmoja peke yake ni shida kumwangusha. Chanzo ni mdudu unayeweza kumkanyaga bila kujua.

Mdudu huyo hujificha kwenye udongo wa miche na kwenye mizigo. Kwa hiyo unapopeleka miche kwenye nyumba, kambi au hoteli iliyo karibu na hifadhi, ikague kabla haijashushwa garini. Inua kila chombo utazame chini yake, kisha chokoa udongo wa juu kwa kijiti. Ukiona sisimizi wa kahawia, na kati yao wachache ambao kichwa ni kikubwa mno kikilinganishwa na kiwiliwili, mche huo usiushushe.