Mkuu wa teknolojia wa Serikali si fundi wa mifumo: lalamiko lako lipelekwe wapi

Katika siku za karibuni zimeongezeka barua zinazofika ofisini kwetu, hapa Dar es Salaam, zikimtaka "mkuu wa teknolojia wa Serikali" asahihishe jina, arejeshe fedha au afungue akaunti iliyofungwa. Hatuna shaka na nia njema ya wanaoziandika, lakini barua hizo humchelewesha mlalamikaji mwenyewe, kwa sababu zinaelekezwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kugusa taarifa zake.

Cheo hicho kilipata umaarufu mwaka 2009, Rais Barack Obama alipomteua Aneesh Chopra kuwa wa kwanza kukishika katika Serikali ya Marekani. Kazi yake ilikuwa ya ushauri na mwelekeo, na usimamizi wa TEHAMA ndani ya wizara na idara ulikabidhiwa ofisa mwingine, Vivek Kundra, aliyefanya kazi chini ya ofisi ya bajeti. Tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 na kuelemewa siku hiyohiyo, Todd Park, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wakati huo, alisaidia kuinusuru, lakini mwenye mfumo alibaki kuwa taasisi iliyo chini ya wizara ya afya.

Kwetu Tanzania, sehemu kubwa ya jukumu la namna hiyo imewekwa katika chombo, si katika cheo cha mtu mmoja. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyochukua nafasi ya Wakala wa Serikali Mtandao ulioanza mwaka 2012, na kuipa kazi ya kuratibu, kusimamia na kukuza Serikali Mtandao, yaani matumizi ya TEHAMA katika shughuli na huduma za Serikali, pamoja na kuhakikisha viwango na miongozo inafuatwa. Anayeweka viwango hapaswi kuwa na uwezo wa kufungua jalada la kila mwananchi na kubadilisha herufi, na ni vyema wananchi waache kudai jambo hilo kana kwamba wananyimwa haki. Kosa la jina kwenye kitambulisho hurekebishwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), na la usajili wa kampuni hurekebishwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Watumishi nao hupotosha wanapomjibu mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi kwamba "mtandao unasumbua, njoo kesho", ilhali kinachokosekana ni kibali cha ofisa wa meza ya pili.

Malalamiko mengi zaidi ni ya malipo. Taasisi inapotoa ankara, mlipaji hupewa kumbukumbu namba, ile yenye tarakimu 12, na fedha hupita katika Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Fedha za Umma (GePG) kabla taarifa haijafika katika mfumo wa taasisi. Ikiwa simu yako imepokea ujumbe wa muamala lakini skrini ya ofisa bado inaonyesha deni, usilipe mara ya pili. Linganisha tarakimu moja baada ya nyingine, hakiki kiasi, tunza namba ya muamala, kisha urudi kwa taasisi iliyotoa ankara, kwa kuwa ndiyo inayoweza kufanya ulinganisho na benki au kampuni ya simu. Malipo yaliyotumwa kwenye namba binafsi ya mtumishi au kishoka, yaani dalali asiye rasmi, hayawezi kuonekana katika mfumo huo hata kidogo.

Wapo pia wanaowapa vishoka neno la siri ili "wawasaidie kuharakisha". Kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kwa kuzingatia kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kumkabidhi mtu neno la siri kunafanya iwe vigumu baadaye kuthibitisha kwamba si wewe uliyebadilisha taarifa.

Taasisi isipojibu, tumia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea malalamiko na maoni ya wananchi kwa mtandao. Taja taasisi husika, kumbukumbu namba, tarehe, kiasi na namba ya muamala; neno la siri na namba ya siri ya simu visiandikwe popote katika lalamiko.