Unalipia majaribio ya mwanao? Huyo si wakala

Mimi ni wakala wa mpira. Juzi mama mmoja ameingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mna milioni mbili na nusu, pesa za kiwanja walichouza. "Kaka, nikuongezee ngapi umpeleke mwanangu majaribio ya mpira Uturuki?" "Wakala" aliyenitangulia alishakula milioni moja, akamwachia barua ya mwaliko yenye nembo ya klabu na anwani ya Gmail.

Nimechoka kulisikia hili. Wakala wa mpira hulipwa asilimia ya mshahara wa mkataba aliousimamia. Kanuni za FIFA za 2023 ziliweka kikomo: asilimia 5 kwa mshahara usiozidi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Kikomo hicho kilisimamishwa Desemba 2023 baada ya amri ya mahakama ya Dortmund, Ujerumani, lakini hesabu ya asilimia ndiyo ileile tunayoitumia kazini kila siku. Sasa mtoto hana timu, hana mshahara. Asilimia 5 ya sifuri ni shilingi ngapi? Anayekudai "ada ya faili" au "pesa ya viza" kabla ya klabu kusema lolote anauza safari. Kijana atatua na viza ya utalii, afanye mazoezi uwanja wa mtaani wiki mbili, kisha simu ya "wakala" isipokelewe.

Nikamuuliza mama umri wa mtoto. Kumi na tano! Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kinazuia mchezaji chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, mfano wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Hata mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alianza African Lyon, akaja Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo 2011, Genk ya Ubelgiji ikamchukua 2016.

Eti lazima wakala awe amecheza ligi kuu? Hapana. Ni mtihani wa FIFA, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Leseni hupewa mtu, kampuni haipewi. Tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala iliyo kwenye tovuti ya FIFA kabla hujampa hata soda.

Na ukisaini naye, hujafungwa maisha. Mkataba wa uwakilishi wa mchezaji au kocha hauzidi miaka miwili, na kipengele cha kujirefusha chenyewe ni batili. Kikionekana, kikate kwa kalamu mbele yake.