Je, wajua? Pampu kubwa ya petroli haiilishi injini petroli zaidi

Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 zilikuwa za kabureta. Mwaka 1975 soko la Marekani likapata mdogo wao, 280Z, mwenye injekta sita, yaani vinyunyizio vya petroli badala ya kabureta, zinazoongozwa na mfumo wa kielektroniki wa L-Jetronic wa Bosch. Leo anayefufua gari hilo mara nyingi huanzia kwenye pampu: anang'oa ya kiwandani iliyojificha jirani na gurudumu la nyuma, anafunga pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, kisha anasubiri mbio.

Nami niliamini hivyo, tena nilibishana na fundi. Pampu kubwa, petroli nyingi, nguvu nyingi, nani angekataa?

Fikiria tangi la maji juu ya mnara nyuma ya nyumba. Pampu inapandisha maji kutoka kisimani. Karibu na ukingo wa tangi kuna bomba la ziada linalorudisha maji kisimani, na chini kuna koki. Nguvu ya maji kwenye koki inategemea kimo cha maji tangini, na kimo hicho kinaamuliwa na lile bomba la juu. Weka pampu iliyo kubwa mara tatu zaidi: kwenye koki hutaona tofauti. Kitakachoongezeka ni maji yanayoporomoka kurudi kisimani.

Koki ndiyo injekta. Bomba la ziada ndiyo regyuleta, inayoshikilia presha ya baa (kipimo cha presha) 2.5 hivi na kurudisha petroli iliyobaki kwenye tangi la gari. Kompyuta ya gari hupima hewa kwa kibati kinachosukumwa na upepo unaoingia, kisha huamua injekta zifunguke kwa milisekunde ngapi. Presha haiipimi kabisa. Inaichukulia kuwa ipo sawa.

Kuna ujanja mmoja mzuri hapa. Injini inaponguruma bila kukanyagwa, hunyonya kwenye mdomo wa koki, na petroli ingetoka kupita kiasi. Kwa hiyo kimpira chembamba hupeleka mnyonyo huo kwenye regyuleta, nayo inashusha presha kwa kiasi hicho hicho. Funga geji uone: inasoma kama baa 2. Chomoa kimpira, mshale unaruka hadi 2.5.

Injini hiyo ya nguvu farasi 149, ikikanyagwa hadi mwisho, hula takriban lita 45 kwa saa. Lita mia mbili na zaidi za ile Walbro zinatalii tu: zinapita kwenye joto la injini na kurudi nyuma zikiwa za moto.

Mbona basi watu huapa kwamba gari limechangamka? Mara nyingi pampu ya zamani ilikuwa inakufa, na mpya yoyote ingeponyesha. Wakati mwingine sababu ni ya kuchekesha zaidi: bomba la kurudishia ni jembamba, mafuriko yanakwama, presha inapanda bila ruhusa na injini inapewa petroli kupita hesabu. Plagi zikianza kuwa nyeusi, mwenye gari anasema pampu inafanya kazi.

Kabla ya pampu, mimi ningeangalia kutu ndani ya tangi, chujio, mipira iliyokakamaa, na umeme unaofika kwenye pampu. Waya wa miaka hamsini hula volti njiani. Mipira iwe ya kuhimili presha ya injekta. Ile ya kabureta haifai.

Ukiweka turbo, mtambo wa kusukumia injini hewa zaidi, hadithi inabadilika, maana mahitaji yenyewe yamepanda. Hata hapo, kupandisha regyuleta kutoka baa 2.5 hadi 3 hakuleti asilimia 20 zaidi. Huleta kama 9.5, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Injekta kubwa ndizo zinazopitisha zaidi, ila kompyuta ya 1975 haina habari kwamba zimebadilishwa. Itazifungua kwa milisekunde zile zile za zamani, na moshi mweusi utatokea nyuma hadi mtu aifundishe upya au aing'oe.