Supu ya Tambi ya Kijapani Nyumbani: Maswali ya Wenye Presha

Katika kliniki ya shinikizo la damu ninakohudumu, wagonjwa wameanza kuniuliza kuhusu supu ya tambi ya Kijapani, hasa wale ambao watoto wao wamejifunza kuipika kupitia simu. Na chakula chenyewe sina ugomvi. Kinachonisumbua ni maneno yanayofuata karibu kila mara: "Nilikunywa mchuzi wote na kichwa hakikuuma, kwa hiyo presha yangu iko sawa."

Supu hii ni nini?

Ni tambi zilizochemshwa peke yake, kisha zikamiminiwa mchuzi wa moto. Tambi huweza kuwa udon, ambazo ni nene na nyeupe, au somen, ambazo ni nyembamba kama uzi. Mchuzi huanzia kwenye dashi, yaani maji yaliyotolewa ladha ya mwani mkavu na samaki mkavu, ambayo hukolezwa kwa sosi ya soya au kwa miso, yaani rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi.

Wajapani wanaila na wanaishi miaka mingi. Kwa nini mimi nikatazwe?

Hukatazwi, ila sikiliza habari yote. Tangu mwaka 1951 hadi 1980 kiharusi ndicho kilichoongoza kwa kuua watu nchini Japani, na chumvi nyingi katika chakula ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mkoa wa Nagano, ulioko milimani, ambako watu walizoea mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi na supu ya miso kila siku, ulikuwa kati ya iliyoumia zaidi. Katika miaka ya 1980 mkoa huo uliendesha kampeni ya kupunguza chumvi, na wahudumu wa kujitolea wakawa wanapima hata chumvi iliyomo katika supu za majirani zao na kuwasihi waongeze mboga na wabakize mchuzi wa tambi. Kufikia mwaka 2010 Nagano iliongoza nchi nzima kwa urefu wa maisha, wanaume kwa wanawake. Supu waliendelea kuila.

Bakuli moja lina chumvi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka vyakula vyote, kiasi ambacho hakijazi kijiko cha chai. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya kina takriban gramu 2.5, na bakuli la ramen, supu nyingine ya tambi ya Kijapani, la mgahawani mara nyingi huvuka gramu 5 peke yake. Usidanganywe na rangi pia, kwa sababu sosi ya Kijapani iitwayo usukuchi, ambayo ni nyepesi kwa rangi, ina chumvi nyingi kuliko ile nyeusi ya kawaida. Kwenye pakiti za tambi za papo hapo, tafuta kiasi cha sodiamu na ukizidishe kwa 2.5 ili upate chumvi.

Presha yangu naijua. Ikipanda, kichwa huniuma. Si ningehisi?

Hapana, usingehisi. Kwa watu walio wengi shinikizo la damu halina dalili yoyote. Mtu huja kliniki akitembea na kucheka, tukampima tukakuta 180 kwa 110, yaani presha ya juu sana, naye akabishana na mashine. Kichwa huuma kwa njaa, kwa jua na kwa kukosa usingizi. Si kipimo cha presha na hakijawahi kuwa.

Basi niipikeje?

Chukua lita moja ya maji baridi, utie gramu 10 za kombu, ambao ni mwani mpana mkavu, na uuache ulowe kwa nusu saa. Weka kwenye moto mdogo na uutoe kabla maji hayajachemka, kwa maana ukichemka hutoa ute na harufu nzito. Kisha tia gramu 20 za katsuobushi, yaani jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa vipande vyembamba kama karatasi, uzime moto, usubiri dakika moja au mbili, uchuje. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, hauchukui nafasi ya kombu, kwa kuwa ni wa jamii nyingine. Dagaa wakavu ndio wanaofaa, na Wajapani wenyewe huwatumia wanaofanana nao, kwa jina la niboshi: ondoa vichwa na matumbo, uwaloweke, uwachemshe polepole. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa walowekwe kwanza, na maji hayo yamwagwe.

Ladha ya kombu ndiyo iliyomwongoza Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo, mwaka 1908, kuitambua ladha aliyoiita umami. Kwa mgonjwa wa presha faida yake ni hii: dashi iliyokolea vizuri haihitaji sosi nyingi. Kwa bakuli la mililita 300 tia kijiko kimoja tu cha mezani cha sosi, ongeza mchicha, uyoga, vitunguu vya majani na tangawizi, na usiongeze chumvi.

Tambi zichemshwe kwenye sufuria nyingine, kwa maji mengi yasiyo na chumvi, zisuuzwe, na maji yake yamwagwe. Udon na somen kavu hukandwa kwa chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutokea kwenye maji hayo. Anayeyageuza kuwa mchuzi anairudisha yote bakulini. Ukishakula tambi na mboga, bakiza angalau nusu ya mchuzi, hata kama umelelewa kwamba kubakiza chakula ni utovu wa adabu.

Nimepunguza chumvi na kichwa hakiumi. Nisimamishe vidonge?

Hapana. Nimeshajibu kuhusu kichwa na ninajibu tena: hakipimi presha. Kipimo kikiwa kizuri ukiwa unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Anayepunguza au kusimamisha dawa ni daktari wako, baada ya kupima mara kadhaa.

Mzee amelegea mkono wakati wa chakula, mdomo umekwenda upande, maneno hayaeleweki. Tumwache alale hadi asubuhi?

Hapana! Msimwache alale, msimkande, msimtafutie mtu wa kumwombea kwanza. Hicho ni kiharusi hadi hospitali iseme vinginevyo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, kwa wanaostahili kuipewa, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tafuteni usafiri sasa hivi, andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na msimpe maji, vidonge wala hiyo supu, kwa sababu huenda hawezi kumeza na itamwingia mapafuni.