Chumvi ya chunguni

Kwenye kliniki ya presha ninakohudumu hapa Dar es Salaam, wagonjwa wengi ni watu wa kipato cha siku: makuli wa Kariakoo, mama lishe, wauza mitumba, vijana wa bodaboda. Kwa miaka kadhaa niliwapa wote maneno yaleyale: punguza chumvi, fanya mazoezi, usiache dawa. Wanaitikia, wanaondoka, na mwezi unaofuata mashine inasoma vilevile.

Siku moja alikuja baba mmoja mbeba mizigo, presha 172 kwa 106.

"Shikamoo baba. Chumvi umepunguza?"

"Marahaba, daktari. Mezani siigusi kabisa."

Hakunidanganya. Nikamwomba anisimulie siku yake nzima, tangu anapoamka.

Saa kumi na moja alfajiri yuko njiani kwa miguu kuelekea sokoni. Saa mbili ni supu na chapati. Mchana anakula kwa mama lishe, wali na maharage na kipande cha ng'onda, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Usiku chipsi, kwa sababu chumba alichopanga hakina mahali pa kupikia. Chumvi yote ya siku ile imetiwa na mikono ya watu wengine, na kibakuli cha mezani hakikuwa na kosa lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye samaki, mchuzi na viungo vya pakiti. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji, damu inaongezeka ujazo, na mishipa inabeba msukumo huo.

Nilipofika kwenye mazoezi nilinyamaza. Mtu anayebeba magunia kutwa nitamwambia akakimbie wapi? Tena kuinua mzigo mzito huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla, kwa hiyo nilimwomba atoe pumzi anapoinua na wagawane gunia zito wawili pale inapowezekana.

Kisha nikauliza dawa. Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa na kulowa jasho. Ndani mlikuwa na vidonge vitatu vya amlodipini, dawa ya presha, na vinne vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vyote vimenunuliwa kwa kuhesabu. Amlodipini anameza kichwa kinapouma. Diklofenaki anameza kila jioni, kwa ajili ya mgongo.

Hapo ndipo penye uzito. Presha mara nyingi haiumi popote, hivyo kusubiri kichwa ni kusubiri kiharusi. Na amlodipini huhitaji wiki nzima hivi ya kumezwa kila siku ndipo itulie kwenye damu kwa kiwango kamili. Vidonge vitatu vya leo na viwili vya wiki ijayo haviwezi kuishika presha. Diklofenaki nayo inazuia figo kutoa chumvi na maji, inapandisha presha, na ikitumika muda mrefu inaweza kuziumiza figo zenyewe. Huyu baba alikuwa anaishusha presha kwa mkono mmoja na kuipandisha kwa mwingine, na hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu mgongo. Mimi pia sikuwa nimeuliza.

Tulikubaliana mambo machache anayoyaweza. Supu ale nyama, mchuzi auache. Badala ya ng'onda achukue mchicha au matembele, maana potasiamu iliyomo husaidia mwili kutoa chumvi. Hela ya dawa aitenge siku anayolipwa, kabla ya kitu kingine. Mama lishe wake naye nilimwita, akaja kupimwa mwenyewe. Siku hizi analoweka ng'onda usiku kucha na kumwaga yale maji, na ndimu inafanya kazi iliyokuwa ya chumvi. Anasema wateja hawajalalamika.

Mara ya mwisho presha ya baba ilisoma 148 kwa 92. Bado hatujafika chini ya 140 kwa 90. Anarudi Jumatano, na nimemwomba aje na kikaratasi chake, na vidonge vya mgongo vikiwemo.