Thamani ya hisa vitabuni, mambo tunayoyachanganya

Hapa barazani Mji wa Kale kahawa ikishapita mara ya pili tu, hisa zinaanza kuongelewa, na siku hizi kuna wenzetu wananunua kwa simu kabla hawajafungua hata ripoti moja ya kampuni. Inanitia wasiwasi kwa sababu ni pesa zao za jasho.

Thamani ya vitabuni ni ile mali inayobakia kwa kila hisa ya kawaida, kwa hesabu za kampuni yenyewe, wote wa kulipwa kwanza wakishatolewa chao. Naisikia sana hii: ati ndio ile iloandikwa kwenye cheti cha hisa. Sio. Ile ni thamani ya jina tu. Safaricom thamani ya jina ni senti 5 kwa hisa, 2008 wananchi wakauziwa shilingi 5, na zote mbili sio ya vitabuni.

Inayoumiza watu zaidi ni hii ya kusema chukua mali zote, toa madeni, gawanya kwa hisa, kwisha. Bado jamani! Kampuni ikiwa na hisa za upendeleo, wenyewe wanalipwa kabla yako wewe wa hisa za kawaida, kwa hivyo fungu lao litoke kwanza. Kenya Power wanazo, za gawio (mgao wa faida) la asilimia 4 na za asilimia 7. Sasa tuseme kampuni ina mali ya milioni 500, madeni milioni 300, zimebaki 200, toa milioni 40 za upendeleo zinabaki 160, hisa za kawaida ni milioni 20, gawanya, shilingi 8. Ukisahau ile 40 utapata 10, na hizo 2 za juu ni za mwenzako. Wakiwa na gawio la nyuma linalolimbikizwa na halijalipwa, hilo pia toa. Ila angalia, kampuni zingine hisa hizo zishahesabiwa ndani ya madeni, usije ukatoa mara mbili.

Na unagawanya kwa hisa zilizo mikononi mwa watu, sio zote kampuni iloruhusiwa kutoa, wala zile ilizonunua tena ikajiwekea.

Halafu ati bei ya soko ikiwa chini ya hiyo 8 basi ni bwerere, kimbilia. Polepole. Ploti ilonunuliwa Nyali miaka 40 nyuma yaweza kuwa bado imeandikwa kwa bei ya siku ile, hapo vitabu vinapunja, lakini pia kuna mashine za zamani vitabuni zina bei lakini hazina mnunuzi, na kuna ile ziada ilolipwa kampuni ilipomeza nyingine, nayo imeandikwa mali japo huwezi kuishika wala kuiuza peke yake. Mimi hiyo naitoa kabla sijagawanya.

Ripoti za mwaka ziko bure kwenye tovuti za kampuni, anza na mizania, ule ukurasa wa mali na madeni, halafu soma maelezo ya mtaji wa hisa.