Kunyoa kabla ya leza hakuharibu tiba

Wengi wanaojiandaa kuondoa nywele kwa leza huweka wembe kando, wakiamini kunyoa huzidisha nywele na kwamba mashine inahitaji nywele ndefu. Yote mawili si kweli. Wembe hukata juu tu, haufikii mzizi. Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1928: kunyoa hakuongezi unene wala kasi ya kuota. Kinachokwaruza kidole baada ya kunyoa ni ncha butu ya unywele uliokatwa.

Leza hutafuta rangi ya unywele ili ipeleke joto chini kwenye mzizi. Nywele zikibaki juu, joto huishia hapo na kuunguza ngozi. Basi nyoa siku moja kabla, kwa wembe mpya, kufuata nywele zinakolalia. Kinachoharibu kweli ni kung'oa kwa nta, uzi au kibanio wiki chache kabla: mzizi ukishatoka, leza haina cha kulenga.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuulize kwanza kama mashine ni Nd:YAG, aina ya leza yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Mwanga wake hauishii sana kwenye rangi ya ngozi, hivyo hatari ya kuungua na kubaki na madoa hupungua. Na krimu za kung'arisha ngozi, tafadhali, ziachwe kabisa.